Fanksheni ya Tatu

Mwalimu Swalehe alipopata uhamisho wa kwenda Kyerwa, alituita sisi wanafunzi wake wa klabu ya kompyuta, wa zamani na wa sasa, tuje kwake Kayanga tule naye kabla hajafunga mizigo. Nyumba yao iko nyuma ya duka la vitambaa la baba yake. Unapita katikati ya majora ya vitenge, unainama chini ya kamba ya kanga, unatokea uani. Siku hiyo uani palikuwa na mikeka minne, upande mmoja sinia za pilau, upande mwingine ebitoke na maharage, kwa sababu mke wa Mwalimu ni Mnyambo wa hapa hapa na hakubali mgeni aondoke bila kuonja ndizi. Mimi nilikuwa nimejipakulia vyote viwili kwenye sahani moja, nikawa nawaeleza watoto wa kidato cha kwanza kwamba huo ndio muungano wa kweli, nao wanacheka. Nina kipaji hicho. Niweke mahali popote, hata kwenye foleni ya sindano, dakika tano watu wanacheka. Ndipo Dafroza akaingia.

Sikuwa nimemwona tangu tumalize kidato cha nne. Mimi niliendelea na masomo, sasa niko cha sita, yeye alikwenda chuo cha uuguzi. Alipiga goti mbele ya Mwalimu, akasema shikamoo, Mwalimu akaitikia marahaba tatu mfululizo jinsi anavyofanya akifurahi, kisha akawageukia wale wadogo. "Haya nyie, mjueni dada yenu. Huyu ndiye Dafroza. Yule aliyeizima mashine mama mbele ya bodi nzima ya shule!" Watoto wakapiga kelele. "Ndiye huyu?" "Mawe, mama yangu! Kumbe ni mtu wa kweli?" Kumbe hadithi imeshakuwa ya klabu, inarithishwa kama ngao ya mpira. Kadogo kamoja kakauliza, "Dada, ulifanyaje?" Dafroza akatabasamu bila kufungua mdomo. "Nilikosea tu, mdogo wangu." Kisha akafungua mkoba, akatoa daftari la kurasa tisini na sita, kona zimeliwa, jalada limeshikiliwa na gundi ya karatasi. "Mwalimu, ndiyo maana nimekuja hata kama nina zamu kesho. Umekuwa ukisema utaliangalia. Sasa unaondoka. Nimetafuta kosa langu miaka mitatu silioni. Naomba unioneshe tu ni mstari upi, nipumzike." Mwalimu akasema, "Nitakuonesha, mwanangu. Tule kwanza."

Tukala. Yaani wao walikula. Mimi nilishika tonge moja la ndizi mpaka likapoa mkononi, kwa sababu katika uwanja ule mzima ni mtu mmoja tu aliyejua kwamba ndani ya daftari lile hakuna kosa. Na mtu huyo alikuwa ametoka tu kuwachekesha watoto.

Habari za ukoo wangu nawaachia wanaopenda koo. Ninachotaka kueleza ni mwaka wa kidato cha tatu, na kwa kweli mwaka wenyewe ulikuwa chumba kimoja. Kilikuwa stoo ya kahawa ya shule kabla hakijawa chumba cha kompyuta. Shule yetu ina shamba la kahawa na migomba, na ingawa magunia yalihamishwa, harufu ya maganda makavu haikuhama. Mvua ikinyesha ilipanda kutoka sakafuni, na ukiondoka pale shati lako linanukia kama umelala mnadani. Kulikuwa na mashine nane za zamani zilizoletwa kwa msaada, zote zikiitegemea ya tisa tuliyoiita mashine mama, iliyotunza mafaili ya wote: vitabu vya vidato vyote, picha za baiolojia, na alama za mitihani ambazo walimu walikuwa wanaziingiza. Mashine mama ilikuwa na memori ndogo kuliko simu ya Mwalimu. Wanafunzi watatu wakifungua picha ya moyo kwa wakati mmoja, moyo ulisimama. Zinaganda zote. Tunakaa tunapigana na nzi mpaka Mwalimu azime na kuwasha upya.

Umeme ulikuwa wa kuja na kwenda, kwa hiyo Mwalimu Swalehe alituwekea utaratibu ambao sijauona mahali pengine. Hakuna mtu kugusa kibodi kabla hajaandika programu yake kwenye daftari kwa kalamu. Ukimaliza, unamtafuta mwenzako awe msomaji wako. Msomaji anasimama, anaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, nukta na mabano yote, na wewe mwandishi unakaa unasikiliza kazi yako kwenye mdomo wa mtu mwingine. Makosa mengi yalijifichua hapo hapo, unamsikia mtu anasoma, moyo unashtuka, "Ngoja, rudia." Akiridhika, msomaji anaandika pembeni "Nimesoma" na kutia sahihi. Bila sahihi hiyo mstari hauingii kwenye mashine. Mwalimu alikuwa akisema kwa ile lafudhi ya pwani alikotokea babu yake, "Ebo! Mtu hajisomei mwenyewe. Mtu akijisomea huona alichokusudia, haoni alichoandika." Mimi nilipendwa sana kama msomaji, maana nilisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. "Anaingia kwenye kitanzi! Anazunguka mara kumi! Anatoka!" Watu walikuja kusikiliza hata ambao hawakuwa wa klabu.

Dafroza hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa anatembea kwa miguu kutoka Nyakasimbi, anafika na vumbi mpaka magotini, anajifuta kwa majani ya mgomba, anakaa. Mfumo wetu ulikuwa ule wa bure ambao msimbo wake umeachwa wazi mtu yeyote ausome, na wakati sisi tunacheza, yeye aliomba kusoma keneli. Keneli ndiyo programu kuu, iliyo tumboni mwa kompyuta, na kazi yake kubwa ni kugawa memori. Kila programu ikitaka nafasi inamwomba yeye, naye anaikata memori kurasa kurasa, anampa huyu kurasa tano, yule kumi, na akimaliza huyu anazichukua anampa mwingine. Sasa unaweza kuiongezea keneli uwezo bila kuizima, kwa kuchomeka moduli, kipande cha programu kinachoingia tumboni mle huku kompyuta inaendelea kufanya kazi. Lakini moduli si mwenye nyumba, ni mgeni. Keneli ina maelfu ya fanksheni, yaani kazi ndogo ndogo zinazoitwa kwa majina, na mgeni anaruhusiwa kuita zile tu ambazo keneli yenyewe imezitangaza nje, kwa mstari mmoja mfupi unaoandikwa chini ya fanksheni. Isiyotangazwa, mgeni hata akilijua jina lake hawezi kuiita. Mwalimu alitueleza hivi: "Mgeni akija kwako unampa kiti, maji, sahani. Chungu kilichoko jikoni anakijua kipo, anasikia harufu yake, lakini haingii kufunua mwenyewe." Na fanksheni za memori ndizo zimefichwa kuliko zote, kwa sababu ukizichezea hizo huishii kuharibu programu moja, unaharibu za watu wote.

Wazo la Dafroza lilikuwa moduli ya kubana. Memori ikikaribia kujaa, moduli inatafuta kurasa ambazo hazijaguswa muda mrefu, inazibana kama mtu anavyokunja blanketi, inazihamishia kwenye sehemu ndogo, na nafasi yake inapewa mwenye haraka. Ukurasa ukihitajika, unakunjuliwa. Aliandika miezi minne. Ili ifanye kazi alihitaji fanksheni mbili za memori ambazo keneli yetu haikuwa imezitangaza, moja ya kuuliza ukurasa upi umelala, nyingine ya kuuondoa mahali pake kwa usalama. Kwa hiyo ilibidi kuongeza mistari miwili ya kutangaza, kisha kuijenga keneli upya. Mwalimu alikaa na ile mistari miwili wiki nzima, anauliza, "Na hii tukiitangaza, nani mwingine ataweza kuiita?" Dafroza anamjibu, "Moduli yoyote, Mwalimu." "Na hilo halikutishi?" "Linanitisha. Ndiyo maana nimetaka mbili tu." Mwishowe akakubali. Na Dafroza, sijui kwa nini, katika watu wote, akanichagua mimi niwe msomaji wake. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu wewe ukisoma hakuna anayesinzia." Nilisoma daftari zima kwa vipindi viwili vya klabu. Sikutangaza mpira. Lilikuwa safi kiasi kwamba nilisahau kuchekesha. Niliandika "Nimesoma" kila ukurasa.

Ningependa kusema nilimwonea wivu, angalau wivu ni ugonjwa unaojulikana. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nimepata utani mzuri tu. Mwisho wa muhula bodi ya shule ilikuwa inakuja kuangalia chumba chetu, na Mkuu wa Shule, mama mmoja mkali anayevaa miwani ya kamba, alitangaza kwamba yeye mwenyewe ataandika barua ya makaribisho kwenye mashine mama, ionekane ukutani kwa projekta. Nikafikiri: moduli inayotafuta neno "Mkuu" ndani ya memori ya programu ya kuandikia na kuligeuza liwe neno jingine la herufi nne. Nilifikiria maneno mengi, mengine siwezi kuyaandika hapa. Nikachagua "Kuku". Kuku wa Shule anawakaribisha. Nilicheka peke yangu chooni mpaka mtu akagonga mlango kuuliza kama naumwa. Tatizo lilikuwa moja. Ili moduli yangu iingie kwenye memori ya programu ya mwingine, nilihitaji fanksheni ya tatu itangazwe, na hiyo ndiyo hasa chungu cha jikoni.

Siku ya kuijenga keneli ilikuwa Jumamosi. Kwenye mashine kama ile kujenga keneli ni kazi ya kutwa, unaianzisha asubuhi inamaliza jioni, maandishi yanapanda kwenye kioo kama sisimizi. Dafroza aliingia kwa jina lake, akaandika mistari yake miwili kutoka daftarini, tukaihakiki. Kengele ya chai ikalia. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, na wapishi walikuwa wamekaanga, kwa hiyo foleni ilikuwa ya kufa mtu. Akasema, "Novatus, nikachukue senene zetu sote wawili, wewe baki na mashine." Akaacha daftari wazi mezani. Nilisikia ndala zake zinavuka uwanja. Nikafungua faili jingine, nikashuka chini ya ile fanksheni ya tatu, nikaandika mstari mmoja wa kuitangaza. Mstari ambao haukuwa kwenye daftari la mtu, haukusomwa na mtu. Nikaianzisha kazi. Aliporudi na senene kwenye karatasi, maandishi yalikuwa yanapanda. "Umeshaanzisha?" "Nimekuokolea muda." "Asante, waitu, ndugu yangu," akasema, akanipa fungu kubwa. Nililila lote. Nakumbuka chumvi yake mpaka leo.

Wiki iliyofuata moduli ya Dafroza ilichomekwa. Wanafunzi wanane walifungua picha ya moyo kwa mara moja, na moyo ukapiga. Mwalimu Swalehe alitoka nje akazunguka stoo mara moja, akarudi macho mekundu, akadai ni vumbi. Mimi moduli yangu niliijaribu siku nyingine peke yangu, mchana wakati wa michezo, ya Dafroza ikiwa imechomolewa ili nisimsumbue. Nikaandika Mkuu, ikawa Kuku. Mara tatu. Sikujaribu zote mbili kwa pamoja. Hilo ndilo kosa ambalo msomaji yeyote angelisikia likipita mdomoni. Moduli yangu ilikuwa inakamata anwani ya ukurasa wenye barua, inaishikilia, inaendelea kuandika pale pale. Ya Dafroza kazi yake ilikuwa kuhamisha kurasa. Ikiuhamisha ukurasa wa barua na nafasi ile ikapewa mwingine, mimi nitakuwa nikiandika "Kuku" ndani ya memori ya mtu asiyehusika kabisa.

Asubuhi ya siku ya bodi niliichomeka yangu kwa siri, ya Dafroza ikiwa ndani. Bodi ilikuja, wazee sita na mama wawili, wakakalishwa kwenye viti vya plastiki mbele ya ukuta uliopakwa chokaa upya. Mkuu akakaa kwenye kibodi. Aliandika kwa kidole kimoja, "Mimi, Mkuu wa Shule," na neno likabaki Mkuu. Nilikuwa nimesimama nyuma, kiganja kimeziba mdomo tayari. Akaandika mstari wa pili. Kisha mshale ukaganda. Mashine moja ikapiga kelele, mashine zote nane zikawa nyeusi moja baada ya nyingine, na ukutani pakajaa maandishi meupe ya keneli inayokata roho. Utani wangu hakuna aliyeuona. Hata mimi sikuuona. Mwalimu akazima akawasha, ikagoma. Diski ilikuwa imeandikiwa takataka mahali pa kuhifadhia mafaili. Alama za kidato cha pili zote, ambazo walimu waliziingiza wiki tatu, hazipo. Na juu kabisa ya ukuta, mbele ya bodi, mstari wa kwanza ambao kila keneli huutoa ikijitambulisha, wenye jina la mtu aliyeijenga. Dafroza. Mzee mmoja akasoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma jina kwenye msalaba. Mkuu akageuka. "Dafroza ni nani?" Dafroza akasimama. "Mimi, Mkuu."

Kesho yake nilikuwa nafyeka nyasi chini ya dirisha la ofisi ya walimu, adhabu ya kuchelewa kengele, na dirisha lilikuwa wazi. Mkuu alikuwa akisema, "Mwalimu Swalehe, mtoto wa kidato cha tatu anafungua injini na wewe umekaa pembeni unamtazama?" Mwalimu akajibu, "Mkuu, niliyeruhusu ni mimi. Andika jina langu. Kazi ile ilisomwa yote, kuna sahihi ya msomaji." "Msomaji nani?" "Novatus." Mwalimu wa jiografia akapasuka kucheka. "Novatus! Si ungempa mbuzi asome?" Na wengine wakacheka, na nikamsikia Mwalimu Swalehe hacheki. Wakakubaliana: mfumo wa zamani urudishwe, mashine zote zifutwe, klabu iwe ya kujifunza kuchapa tu, na Dafroza aende nyumbani wiki mbili arudi na mzazi. Nilisimama na fyekeo mkononi. Dirisha lilikuwa usawa wa kidevu changu. Ningeweza kuingiza kichwa na kusema. Nilifyeka mpaka mahali ambapo sikutumwa.

Siku tano nilishindwa kula, na mimi kushindwa kula ni habari. Jumatatu mstarini nilimwomba mwalimu wa zamu ruhusa ya kusema jambo. Nilikuwa nimelala nalo, nimelipanga. Nikasimama mbele ya shule nzima nikasema, "Mkuu, kosa la kompyuta si la Dafroza. Ni langu. Niliweka kitu kwenye keneli kwa siri, ili wewe ukiandika Mkuu wa Shule, itokee Kuku wa Shule." Kisha shule ikalipuka. Watu walishikana mabega. Mwalimu wa zamu alijificha nyuma ya rejista, mabega yanatikisika. Kidato cha pili, ambao alama zao zilikuwa zimepotea, ndio waliocheka zaidi, mmoja akawika kama jogoo. Mkuu akasema kwa uchovu, "Novatus. Mwenzako yuko nyumbani na aibu yake, na wewe unapata nafasi ya kuchekesha." Mwalimu Swalehe alivuka uwanja, akanisogelea mpaka nikanusa udi kwenye kanzu yake, akaniuliza kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia: "Mwanangu, ni kweli?" Aliuliza mara moja. Alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu aliye tayari kuamini.

Nimeshafikiria sana nukta ile. Watu wanaofanya baya mara nyingi husema hawakupata nafasi. Mimi nilipata, nilipewa mkononi, na shule nzima ilikuwa inacheka, na kicheko kile kilikuwa cha joto, kilikuwa nyumbani kwangu. Nikatabasamu. Nikasema, "Utani tu, Mwalimu." Nikacheka nao. Nilipiga magoti kwenye kokoto mpaka saa nne kwa adhabu na nilikuwa, Mungu anisamehe, mwepesi kama unyoya.

Dafroza aliporudi, wenzake wa darasa wakamsimulia wote kwa pamoja: yule msomaji wako alikutania mstarini, akasema yeye ndiye, tena akasema habari za kuku! Alinikuta kisimani. Hakupaza sauti. "Wiki mbili nimekuwa nikisomewa na baba yangu mzazi mbele ya majirani, Novatus. Wewe ulikuwa unachekesha watu kwa jina langu." Nikasema, "Dafroza, sikiliza." Akasubiri. Kweli alisubiri, ndoo ikajaa ikamwagika. Nikasema, "Pole." Akabeba ndoo. Hakurudi klabu. Tulimaliza shule bila kusemeshana, na kila nilipopita karibu yake nilikuwa nachekesha zaidi kidogo.

Sasa uani kwa Mwalimu sinia zilikuwa zimeondolewa, watoto wananawa, na Mwalimu alikuwa amevaa miwani. Alifungua daftari, akapekua. Kila ukurasa ulikuwa na alama mpya juu ya zile za zamani, kalamu nyekundu, kijani, penseli, mishale, maswali pembeni: "Je, hapa?" "Kama ukurasa umefungwa?" "Hapana, nimehesabu tena." Mtu ambaye kutwa anapima watu joto na kufunga vidonda, na akipumzika anarudi kutafuta mahali alipokosea akiwa na miaka kumi na sita. Mwalimu akasoma kurasa mbili, akavua miwani. "Macho yangu haya... Utaratibu ni ule ule. Msomaji si yuko hapa? Novatus, njoo umsomee." Watoto wakashangilia, wanataka kutangaziwa mpira.

Nilisoma. Nilisimama nikasoma kwa sauti ya kawaida, nukta na mabano, na Dafroza amekaa mkekani amefumba macho, midomo inanifuata kimya kimya kwa sababu analijua lote kwa moyo. Nilifika mwisho jua likizama. "Hakuna kosa," nikasema.

"Lipo," akasema Dafroza bila kufumbua macho. "Rudia ukurasa wa arobaini."

"Halipo. Siku ile kulikuwa na moduli mbili. Ya pili ilikuwa yangu. Ulipokwenda kuchukua senene nilitangaza fanksheni ya tatu."

Kadogo kamoja kakaanza kucheka, maana anajua sifa zangu, na mwingine akauliza, "Ile ya kuku?" Nikasema ndiyo, ile ya kuku, na nilihakikisha uso wangu haufanyi chochote. Kicheko kilitafuta mahali pa kukaa, hakikupata. Mwalimu Swalehe alikuwa ameinamia vidole vyake. Dafroza alifumbua macho.

"Fanksheni ipi?"

Nikamtajia.

"Uliishika anwani?"

"Niliishika."

"Na mimi nilipouhamisha ukurasa?"

"Niliendelea kuandika."

Hakuhitaji maelezo zaidi. Mimi ilinichukua wiki nzima kuelewa kilichotokea, yeye ilimchukua muda wa kupeleka kidole kutoka mstari mmoja kwenda mwingine. Nilimwona akiifuata, ukurasa unahama, nafasi inagawiwa, neno la kijinga linaandikwa ndani ya mafaili ya watu, tena na tena. Kidole kikasimama.

"Kwa hiyo ilikuwa inafanya kazi," akasema.

"Ndiyo."

"Yangu. Ilikuwa inafanya kazi."

"Tangu siku ya kwanza."

Aliwatazama wale watoto mmoja mmoja, kama anayehakikisha wamesikia. Nilikuwa nimeshapiga magoti, sikumbuki nilipiga lini. Nilikuwa na maneno, miaka mitatu ya maneno, mengine nilikuwa nimeyaandika kabisa. "Dafroza, naomba..."

Akainua kiganja, bila kunitazama. "Nyamaza kwanza, Novatus. Usiniombe kitu leo. Niache nifurahi."

Akarudisha daftari kwenye ukurasa wa kwanza, akaanza kujisomea mwenyewe, na Mwalimu hakumkataza.